Bandama Litolewe au Libaki? Jibu kwa Mwalimu wa Ujiji Mwenye Upungufu wa Chembe Sahani

Mwenye swali ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ujiji, mwenye miaka 34 na mtoto mmoja. Kwa miaka mitatu sasa anatibiwa upungufu wa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, ambazo kwenye karatasi ya maabara huandikwa PLT. Bila dawa, idadi yake huwa kati ya 18,000 na 30,000. Akimeza prednisoloni hupanda hadi 110,000, lakini kila anapopunguziwa dozi ikafika chini ya miligramu 15 kwa siku, idadi huporomoka tena. Hedhi yake ni nzito na huchukua siku nane, fizi hutoka damu anapopiga mswaki, na mapajani hukuta alama za bluu asizojua zimetoka wapi. Uso umevimba, uzito umeongezeka na sukari imeanza kupanda. Daktari mmoja amemshauri aende Mwanza akatolewe bandama. Mwingine amemtajia vidonge vya eltrombopagi, ambavyo bei yake imemtisha. Na mama yake anamsihi aache vyote anywe juisi ya choya na maji ya majani ya mpapai. Angependa kuzaa tena. Anauliza achague lipi.

Mwalimu, pole kwa miaka mitatu ya kuhesabu chembe. Sijakuona wala kukupima, kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kukusaidia kuzungumza na daktari wako, si ya kuchukua nafasi yake. Hata hivyo sitakuzungusha. Maoni yangu ni kwamba prednisoloni lazima iondoke, bandama libaki mahali pake kwa sasa, na kati ya dawa zilizopo uchague ile ambayo una hakika ya kuipata kila mwezi ukiwa Kigoma, na ambayo haitapingana na mimba unayoitamani. Sababu zangu ni ndefu kidogo.

Kabla ya kuchagua tiba ni lazima tuwe na hakika na ugonjwa wenyewe, na kwa mtu anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika jambo hili si la kupita haraka. Ugonjwa ulioandikiwa, ambao madaktari huufupisha kwa herufi ITP, ni ule ambao kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazozishika chembe sahani, na bandama likaziona chembe hizo kama adui na kuzila. Kwamba kisababishi kimo katika majimaji ya damu kulionyeshwa na daktari Mmarekani William Harrington mwaka 1950, alipojiingizia mwilini damu ya mgonjwa wa namna hii na chembe zake mwenyewe zikaporomoka katika muda wa saa chache. Lakini hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha ugonjwa huu. Tunaufikia kwa kuyaondoa mengine yote yanayofanana nao, na Kigoma ina mengi yanayofanana nao.

La kwanza ni kichocho cha matumbo. Vimelea hivi hupatikana katika maji ya mwambao huo, na mtu aliyekulia Ujiji akiogelea na kufua ziwani anaweza kuishi navyo miaka mingi bila kujua. Mayai yake huliachia ini makovu magumu, damu inayopita humo ikazuiliwa, bandama likavimba, na bandama lililovimba huzifungia ndani chembe sahani kwa wingi. Malaria ya kujirudiarudia nayo hulivimbisha bandama kwa njia yake. Katika ITP, kinyume chake, bandama kwa kawaida halivimbi. Kwa hiyo, kama hujawahi kupigwa picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, ile ambayo wengi huiita ultrasaundi, hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Bandama likikutwa kubwa, mazungumzo yote yanabadilika, na kulikata bila kujua hali ya ini ni hatari. Pamoja na picha hiyo, hakikisha umepimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, tezi ya shingo, na bakteria wa vidonda vya tumbo anayeitwa Helicobacter pylori. Huyu wa mwisho hutibiwa kwa dawa za wiki mbili hivi ambazo si ghali, na wapo wagonjwa ambao chembe zao hupanda akishaondolewa. Kwa mwanamke wa umri wako ningependa pia vipimo vya lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, vifanyike.

La pili ni dawa. Kwinini inaweza kuziporomosha chembe sahani ghafla, na septrini pia. Kama katika miaka hii mitatu umewahi kutibiwa malaria kwa kwinini, angalia tarehe zake kwenye daftari lako la kliniki uzilinganishe na siku ambazo idadi ilishuka vibaya. Malaria yenyewe hushusha chembe hizi hata kwa mtu mzima wa afya, hivyo kipimo kilichochukuliwa siku ya homa hakifai kuamulia tiba ya miaka.

La tatu ni dogo lakini limewahi kuwapeleka watu kwenye dawa wasizozihitaji. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, na dawa iliyomo humo ya kuzuia damu isigande huwafanya watu wachache chembe zao zishikamane, kisha mashine ikazihesabu kuwa chache kuliko zilivyo. Mtaalamu wa maabara akitandaza tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini, ataviona vifundo hivyo, au atarudia kwa chupa ya kifuniko cha bluu. Kwako silitarajii hili, maana unatokwa damu kweli, na idadi yako huitikia prednisoloni, jambo ambalo ni ushahidi mzuri kwamba kinga ndiyo inayohusika. Lakini tone hilo lingetazamwa angalau mara moja, kwa sababu huonyesha pia kama chembe nyekundu na nyeupe zina kasoro inayoelekeza kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Sasa tuseme yote yamefanyika na jibu limebaki ITP. Umeshapita miezi 12, kwa hiyo ni wa kudumu. Hapo ndipo ninapokuomba uache kuitazama idadi kama mwalimu anavyotazama alama za mtihani. Mtu wa kawaida ana chembe kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu, na wewe umekuwa ukitamani kurudi huko. Huhitaji. Mwenye 30,000 au zaidi asiyetokwa damu mara nyingi huachwa bila dawa yoyote, akifuatiliwa tu. Hivyo ndivyo inavyoshauri miongozo ya chama cha madaktari wa damu wa Marekani ya mwaka 2019. Chembe za wagonjwa wa ITP aghalabu ni changa na zenye nguvu, hivyo 25,000 za kwako zinaweza kufanya kazi vizuri kuliko 25,000 za mtu anayetibiwa saratani. Tunachotibu ni kutokwa damu na hatari ya kutokwa damu. Hofu kuu ni damu kuvujia ubongoni, jambo linalowapata watu wazima wachache sana wenye ugonjwa huu, na zaidi wale walio chini ya 20,000 au wenye umri mkubwa.

Kwa kipimo hicho, wewe uko katikati. Alama za bluu mapajani pekee zisingenifanya nikupe dawa nzito. Hedhi ya siku nane na fizi zinazotoka damu, pamoja na idadi inayoshuka hadi 18,000, zinanifanya niseme kwamba unahitaji tiba. Lakini hedhi inaweza kutibiwa kama hedhi: vidonge vya asidi ya traneksamiki, gramu 1 mara tatu kwa siku katika siku zile nzito, hupunguza damu bila kugusa kinga yako, mradi daktari amehakikisha hujawahi kuganda damu kwenye mishipa. Pima pia wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma. Uchovu unaoulaumu ugonjwa, ambao kweli huja na ITP, huenda kwa sehemu kubwa ni upungufu wa chuma unaotibika kwa vidonge vya bei ndogo.

Kuhusu prednisoloni nina uchungu nayo, na nitasema wazi. Ni dawa nzuri ya kuanzia na dawa mbaya ya kuishi nayo. Miongozo niliyoitaja inataka kozi yake ya kwanza isizidi wiki sita pamoja na siku za kuipunguza. Wewe unaimeza kwa kuacha na kurudia kwa miaka mitatu. Uso na uzito ndivyo unavyoviona kwenye kioo, lakini zaidi ya hapo mifupa inapungua, sukari inapanda, na shinikizo la damu na macho vinahitaji kuangaliwa. Katika nchi zetu kuna hatari nyingine mbili: kifua kikuu kilicholala huweza kuamka, na wapo minyoo wanaoingia kwa ngozi ya miguu, wanaoitwa strongiloidi, ambao mtu hukaa nao kimya kwa miaka hadi steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni, zinapoilegeza kinga, wakasambaa mwili mzima na kuua. Mwombe daktari wako akupime au akupe aivamektini. Usiiache prednisoloni kwa ghafla, nakusihi. Mwili uliozoea kupewa homoni hiyo huacha kuitengeneza, na anayekatisha siku moja anaweza kuanguka kwa kushuka shinikizo la damu. Hupunguzwa hatua kwa hatua, huku dawa nyingine ikiwa imeshaanza kufanya kazi.

Dawa hiyo nyingine ni ipi? Tuanze na bandama, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi.

Upasuaji huu una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1916 huko Prague, Paul Kaznelson, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alipendekeza mgonjwa wa ugonjwa huu atolewe bandama, na daktari wa upasuaji Schloffer akafanya hivyo kwa mafanikio. Hadi leo hakuna tiba ya dawa iliyoishinda kwa kuleta nafuu ya muda mrefu bila kumeza kitu kila siku: uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba takriban watu wawili kati ya watatu chembe zao zilirudi katika hali ya kawaida. Vifo vilivyohusiana na upasuaji vilikuwa takriban 1 kati ya 100 kwa upasuaji wa kufungua tumbo, na 2 kati ya 1,000 kwa ule wa kutumia matundu madogo. Kwa hiyo daktari aliyekushauri hakukosea, na simpingi kwa sababu ya hatari za chumba cha upasuaji. Ninasita kwa sababu ya maisha yanayofuata ukisharudi Ujiji.

Bandama ndilo linalochuja damu na kuondoa bakteria wenye magamba magumu, hasa nimokoko, meningokoko na hemofilasi. Asiye nalo anaweza kuamka na homa asubuhi na kuzidiwa jioni, na hatari hiyo, ingawa ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo, haiishi maisha yote. Bandama pia ndilo linaloziondoa chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria. Utafiti wa watu wazima 33 wa Malawi waliotolewa bandama, uliochapishwa mwaka 2005, uliwakuta na vimelea vya malaria mara nyingi zaidi kuliko wenzao wenye bandama. Nawe unaishi wapi? Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano akiwa na vimelea. Ule wa 2022 ukaikuta Tabora, jirani zenu kwenye reli, ikiongoza. Kumtoa bandama mtu wa Oslo na kumtoa bandama mtu wa Ujiji ni maamuzi mawili tofauti, na takwimu za mafanikio unazosoma zimetoka kwa wingi kwenye miji isiyo na mbu wa malaria.

Sisemi lisitolewe kamwe. Nimewafuatilia wagonjwa wa ukanda huu waliotolewa bandama na wanaishi vizuri. Ila wanaishi kwa masharti: chanjo za nimokoko, meningokoko na hemofilasi walichomwa angalau wiki mbili kabla ya upasuaji (ya meningokoko ndiyo ile wanayochomwa mahujaji kabla ya kusafiri, kwa hiyo anzia kuulizia huko), wanalala ndani ya chandarua kila usiku na wamezungumza na daktari juu ya dawa ya kukinga malaria, nyumbani wana dozi ya antibiotiki ya kumeza mara homa inapoanza, huku wakielekea hospitali bila kungoja kesho, na kila mhudumu anayewatibu anajua hawana bandama. Kama daktari wako akirudi kukushauri upasuaji, muulize chanjo hizo zitapatikana lini na wapi. Jibu likiwa kwamba zitatafutwa baadaye, usikubali kupangiwa tarehe.

Eltrombopagi ni ya familia ya dawa zinazouhimiza uboho utengeneze chembe nyingi zaidi kuliko zinazoharibiwa. Ilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2008, pamoja na ndugu yake wa sindano ya kila wiki, romiplostimu. Wagonjwa wengi, zaidi ya nusu kwa mbali, huitikia, na mara nyingi ndani ya wiki mbili. Haidhoofishi kinga, na hilo katika mazingira ya malaria na kifua kikuu ni faida kubwa. Ingekuwa bei si kitu na mimba haimo, ningeiweka ya kwanza bila kusita.

Tatizo lake ni kwamba haiponyi ugonjwa kwa walio wengi, huubeba tu. Ukikosa vidonge ghafla, idadi inaweza kushuka ndani ya wiki chache, wakati mwingine chini ya pale ulipoanzia, na hapo ndipo damu hutoka. Kwa hiyo swali lako lisiwe kama unaweza kununua pakiti moja. Liwe kama unaweza kuinunua mwezi wa kumi na mbili baada ya leo, wakati ada za shule zimefika na mvua imeikata barabara. Uliza bima yako kwa maandishi kama wanailipia na kwa muda gani, na muulize mfamasia wa hospitali ya rufaa inamfikia kwa njia ipi. Anayeanza dawa hii kwa michango ya ndugu, bila kujua ya miezi sita ijayo itatoka wapi, ninaogopa kumwandikia.

Kuna jambo la chakula ambalo wengi hawaambiwi. Kalisi na madini ya chuma huishika eltrombopagi tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu. Maziwa yanajulikana, lakini kwenu kuna dagaa, wanaoliwa na mifupa yake yote, na mifupa hiyo ni kalisi tupu. Kidonge humezwa saa mbili kabla au saa nne baada ya chakula cha namna hiyo, na vivyo hivyo kwa vidonge vya kuongeza damu. Ukila ugali na dagaa saa kumi na mbili jioni, meza dawa saa nne usiku. Mgonjwa anayemezea dawa hii kwenye chai ya maziwa anaweza kuambiwa imemkataa, kumbe haikuwahi kumfikia. Ini hupimwa mara kwa mara, na dawa za miti shamba ziwekwe kando, kwani ini likiumia hatutajua lawama ni ya nani.

Rituksimabu, inayoingizwa kwa dripu mara moja kwa wiki kwa wiki nne, huwasaidia zaidi ya nusu ya wagonjwa mwanzoni, lakini baada ya miaka mitano ni takriban mmoja kati ya watano anayekuwa bado na nafuu hiyo. Huamsha virusi vya homa ya ini aina ya B, kwa hiyo haitolewi bila kipimo, na huzuia chanjo zisishike kwa miezi sita au zaidi. Kama bandama limo kwenye mipango yako hata kwa mbali, chanjo zitangulie. Mimba nayo husubirishwa. Kwa bei yake na kwa haja yako ya kuzaa, naiweka nyuma. Dapsoni, ambayo wengi wanaijua kwa ukoma, ni nafuu na huwasaidia baadhi, ila huvunjavunja chembe nyekundu kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na wewe damu yako tayari inapungua kwa hedhi. Danazoli na mikofenolati hazifai kwa mwanamke anayetaka kushika mimba.

Inabaki azathiopurini, na ndiyo ninayoielekea kwako. Ni dawa ya siku nyingi, ya vidonge, inayotumika pia kwa lupasi na kwa waliopandikizwa figo, na bei yake haikaribii kabisa ile ya eltrombopagi. Miongozo ya 2019 haiiweki mbele. Inataja eltrombopagi na wenzake, rituksimabu na bandama, na kwa haki, kwa sababu ushahidi wa azathiopurini ni wa tafiti ndogo za zamani. Lakini miongozo ile imeandikwa kwa daktari ambaye dawa zote zipo kwenye kabati lake. Azathiopurini huchelewa: huchukua miezi mitatu hadi sita kuonyesha kazi, na wengi huiacha wiki ya sita wakidhani imeshindwa. Katika miezi hiyo prednisoloni hushushwa polepole ikiwa daraja, na picha kamili ya damu pamoja na vipimo vya ini hufanywa kila wiki mwanzoni, kisha kwa vipindi virefu zaidi, vipimo ambavyo hospitali ya mkoa ya Maweni inaweza kuvifanya bila wewe kupanda basi la Mwanza. Usichanganye na alopurinoli, ile dawa ya gauti, maana mchanganyiko huo huweza kuuzima uboho. Na tuna uzoefu wa miaka mingi wa wanawake waliobeba mimba wakiitumia, kwa lupasi na kwa figo za kupandikizwa, uzoefu unaotuwezesha kuiendeleza pale inapohitajika.

Mpango ambao ningeupeleka kwa daktari wako ni huu. Fanyeni vipimo vyote nilivyovitaja Kigoma kwanza, ili safari ya Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, iwe ya kuonana na mtaalamu mwenye majibu mkononi, si ya kuanza kuchukuliwa damu upya. Mwulize mtaalamu huyo kuhusu azathiopurini huku prednisoloni ikishuka. Baada ya miezi sita, kama hedhi imetulia na idadi imekaa juu ya 30,000, hamtafuti zaidi. Kama imeshindwa, na bima ikathibitisha kuwa inalipia, eltrombopagi iingie kabla ya kutafuta mimba. Bandama liwe la mwisho, likiwa limetanguliwa na chanjo.

Kwa mama yako, mpe heshima yake na umweleze hivi: choya na majani ya mpapai anayoyasifu huenda ameyaona kwa watu waliopungukiwa damu au waliougua dengi, ambao chembe zao hupanda zenyewe homa ikiisha. Utafiti wa majani ya mpapai umefanywa zaidi kwa wagonjwa wa dengi, si kwa kinga inayokula chembe zake yenyewe. Glasi ya choya mezani haina ubaya. Kuacha prednisoloni ghafla kwa ajili yake ndiko kunakoweza kukuua.

Jambo la hatari zaidi nyumbani kwako huenda halimo hata kwenye barua yako. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini, zinazouzwa kila duka la dawa, huzifanya hata chembe chache ulizonazo zishindwe kushikana. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Kataa sindano za makalioni, kwani huacha damu ikivujia ndani ya msuli. Ukihitaji kung'olewa jino, sema idadi yako kabla hujaketi kwenye kiti. Na nenda hospitali usiku uleule ukiona malengelenge ya damu mdomoni, choo cheusi kama lami, pua isiyokoma kutoka damu, au kichwa kinachouma kwa namna usiyowahi kuijua. Hapo hutolewa steroidi za mshipa na, ikipatikana, dripu ya kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya wachangiaji. Chembe za kuongezewa hutumika kwa dharura tu, kwa sababu kinga itazila nazo.

Kuhusu mtoto, ITP haikukatazi kuzaa. Panga mimba wakati idadi imetulia, na mjulishe daktari wa wajawazito mapema. Mimba ikiwa imeingia, prednisoloni kwa dozi ndogo na dripu ya kingamwili huweza kutumika. Kwa kujifungua tunataka angalau 50,000, na kwa ganzi ya mgongo zaidi ya 70,000, hivyo usijifungulie mahali pasipo na maabara wala damu. Kingamwili zako huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hata kama wewe umeshapona au umetolewa bandama. Watoto wengi huzaliwa salama, na takriban mmoja kati ya kumi huwa na chembe chini ya 50,000, zikipanda zenyewe baada ya wiki kadhaa. Mkunga aelezwe asimvute mtoto kwa vyombo, damu ya kitovu ipimwe siku ileile, na mtoto arudiwe kupimwa kati ya siku ya pili na ya tano, kwa sababu huo ndio wakati idadi yake hufika chini kabisa.